Kabla ya Kujaza Gorogoro

Swali la kwanza mnunuzi wa Eastlands analomuuliza muuzaji wa mahindi ni hili: "Haya ni ya wapi?" Nimelisikia Mutindwa, nimelisikia Korogocho, na mimi mwenyewe nimeliuliza mara nyingi kando ya Barabara ya Kangundo, mkono wangu tayari umo ndani ya gunia. Muuzaji naye ana jibu la kila kastama. Ukionekana mwoga, yametoka Kitale. Ukionekana mtu wa kuhesabu shilingi, yametoka Uganda. Ukisitasita, anayateka kiganjani na kukuonyesha: "Tanzania haya, mama, angalia yalivyo meupe."

Nimeacha kuuliza. Siku hizi nauliza yameanikwa wapi na kwa muda gani, kisha naomba niyapime kwa chupa ya chumvi ninayoibeba kiondoni. Wengine hunicheka. Muuzaji wangu wa sasa alicheka mara mbili. Mara ya tatu akaniomba nimwachie chupa.

Hofu ya mahindi ya jirani haikuanza bure. Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisimamisha uagizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu. Baada ya siku chache marufuku ikalegezwa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na shehena iwe na cheti cha kuthibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Malori yakarudi mipakani Busia na Namanga. Mtaani likabaki wazo moja tu, kwamba sumu huja na lori la nchi nyingine.

Kumbukumbu zetu wenyewe zinasema vingine. Mwaka 2004 huko Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Wizara ya Afya, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, na wataalamu wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, waliwalinganisha waliougua na majirani waliobaki wazima. Mahindi yaliyokuwa na sumu nyingi zaidi yalikuwa ya mashamba yao wenyewe, yaliyoingizwa nyumbani kabla hayajakauka sawasawa. Hakuna lori lililovuka mpaka kuyaleta. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo ukaipata Tanzania, Dodoma na Manyara, katikati ya nchi.

Kuvu anayetengeneza sumu hii anaitwa Aspergillus flavus. Anaishi udongoni, wetu na wao. Huuvamia mmea shambani ukiwa umedhoofishwa na ukame, halafu hunenepa ghalani ikiwa punje zimehifadhiwa na unyevu. Ndiyo maana kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu mahindi kinataja mambo mawili ambayo mnunuzi anafaa kuyakumbuka: unyevu usizidi asilimia 13.5, na aflatoksini yote kwa jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni. Hesabu ya pili ni ndogo mno kwa akili ya kawaida. Ni sawa na gramu 10, vijiko viwili hivi vya chai vya sukari, katika tani 1,000 za mahindi, yaani magunia zaidi ya 11,000 ya kilo 90. Jicho haliwezi kuiona. Unyevu, hata hivyo, unaweza kuupima ukiwa umesimama sokoni.

Maarifa nitakayokupa hapa yamevuka mipaka mingi kuliko mahindi yenyewe. Sumu hii ilianza kujulikana Uingereza mwaka 1960, batamzinga 100,000 na zaidi walipokufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Mahindi ya Kenya ya 2004 yalichunguzwa Arizona, Marekani, ambako Claudia Probst, Peter Cotty na mwenzao walitambua aina hasa ya kuvu iliyoleta vifo, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Hapa Nairobi, kwenye maabara za taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, watafiti wa Kenya na Tanzania wameishughulikia sumu hii pamoja na wenzao wa Australia, na Wafini nao wakaja kuifuatilia kwenye lishe ya ng'ombe na maziwa. Chuo Kikuu cha Texas A&M kimewasaidia wenye viwanda vya unga kupima nafaka wenyewe na kuhakikisha vipimo vyao haviwadanganyi. Watanzania wametupa hata jina zuri, sumukuvu. Sisi wa Nairobi bado tunalikatakata lile la kizungu na kusema "afla". Mimi nitatumia la Watanzania.

Anza na mkono. Usiguse mahindi ya juu, kwa maana hayo yamepigwa jua tangu asubuhi. Zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Mahindi makavu ni baridi na huteleza vidoleni. Yenye unyevu hushikana, na katikati ya gunia utahisi uvuguvugu. Ukihisi uvuguvugu ondoka, hata kama bei imeshuka. Hasa kama bei imeshuka. Kisha nusa: harufu ya kuvu haifichiki. Angalia rangi: ukungu wa kijani-manjano ndio wa adui wetu, lakini wa waridi, wa kijivu na mweusi nao una sumu zake, basi usichague. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizosinyaa ndizo mlango wa kuvu. Gunia lenye nyingi za namna hiyo lina habari mbaya hata kama halinuki.

Chupa ya chumvi

Kipimo hiki kinafundishwa na maafisa wa kilimo katika nchi nyingi za Afrika, na hakihitaji mashine. Tafuta chupa ya kioo au ya plastiki inayoonyesha ndani, yenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana. Chupa ya siagi ya karanga inafaa sana. Ioshe, ianike mpaka ikauke kabisa. Chumvi nayo lazima iwe kavu, na hapa ndipo wengi hukosea. Chumvi ya mezani hunywa unyevu wa hewa, hasa miezi ya mvua, kwa hiyo itie kwenye sufuria kavu, ipashe moto huku ukiikoroga mpaka iache kushikana, kisha iache ipoe. Ukipima kwa chumvi mbichi utamsingizia muuzaji.

Tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi hiyo ndani ya chupa, ongeza mahindi mpaka yafike theluthi moja, funga. Tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha iweke chini dakika 15. Huo ni muda wa kununua sukuma wiki na kurudi. Ukikuta chumvi imegandamana kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, hayafai kuwekwa. Ikiwa imeanguka yote chini na kuta ni safi, unyevu uko chini ya 15.

Sikiliza vizuri sehemu hii. Kiwango cha Jumuiya ni 13.5, chupa inakamata 15. Mahindi yaliyopita kwenye chupa bado yanahitaji siku moja au mbili za jua kabla ya kuwekwa kwa muda mrefu. Tena, chupa hupima unyevu wala haipimi sumu. Mahindi yaliyoathirika shambani, kisha yakakaushwa vizuri, yatapita mtihani wa chumvi huku yamebeba sumukuvu. Kwa sababu hiyo kazi haiishii sokoni.

Nyumbani na kwenye posho mill

Sumukuvu haisambai sawasawa ndani ya gunia kama sukari kwenye chai. Punje chache hubeba sehemu kubwa ya sumu yote na nyingi zilizobaki huwa karibu safi. Hilo linampa mwenye nyumba nguvu ambayo hata kiwanda hakina: macho na muda. Mwaga gorogoro moja, lile kopo la kupimia, kwenye sinia, ondoa kila punje iliyovunjika, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa. Kwetu kazi hiyo hufanywa jioni mbele ya runinga na watoto hushindana nani ameona mbovu nyingi. Kama ni mahindi ya githeri, yaoshe kwa maji mengi na uondoe yanayoelea; mepesi ndiyo yaliyoliwa ndani.

Hayo mabovu yatupwe. Usimpe anayefuga kuku kule nyuma ya ploti, wala usimuuzie mama wa busaa. Kuchachusha hakuondoi sumu hii. Wala kupika hakuiondoi: inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 230 ndipo ianze kuvunjika, na maji ya Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wetu, huchemka hata kabla ya kufika nyuzi 100. Ugali uliokaa motoni saa nzima utakuwa mgumu tu.

Kukoboa kunasaidia. Sumu nyingi hukaa kwenye kiini na ganda la punje, na hivyo ndivyo vinavyotoka mahindi yakikobolewa. Watafiti wa Nairobi walipima muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, wakachapisha mwaka 2008: kwa wastani kukoboa kuliondoa karibu nusu ya sumukuvu, ingawa baadhi ya sampuli zilipungua kidogo sana. Najua tunahimizwa kula unga usiokobolewa kwa ajili ya afya, nami nakubali, endapo unajua mahindi yalikotoka na yalivyokaushwa. Usipojua, koboa. Vitamini zitafute kwenye managu na terere.

Ukifika posho mill, mwombe kijana wa mashine amalizie kwanza unga wa aliyekutangulia. Usichukue mabaki ya mahindi usiyoyaona. Na sasa jambo ambalo sijamsikia mtu akilisema mtaani: unga hutoka kwenye mashine ukiwa moto. Ukiufunga hapo hapo na kuutia kwenye ndoo yenye kifuniko, mvuke wake utageuka maji ndani ya ndoo, na umejitengenezea unyevu ule ule uliokuwa ukiukimbia kwa chupa. Ukifika nyumbani umwage kwenye beseni pana, uache upoe kabisa, kisha ndipo ufunike. Saga wa wiki mbili, si wa miezi miwili.

Mahindi yasikae sakafuni. Hili nalisema kwa aibu. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, nililetewa nusu gunia kutoka ushago. Chumba kilikuwa kidogo, nikalisukuma chini ya kitanda, juu ya simenti. Baada ya wiki tatu sehemu ya chini ilikuwa imeshikana kama keki, ya rangi ya kijani. Nilitupa karibu theluthi, na hata hiyo iliyobaki sikuila kwa amani. Weka kreti mbili za soda, ubao juu yake, na gunia lisiguse ukuta.

Wanaonunua unga wa pakiti wana njia yao. Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha unga wa chapa tano kwa sababu ya sumu hii, kwa hiyo pakiti nzuri peke yake haitoshi. Karibu na alama ya ubora kuna nambari ya kibali. Andika SM#, fuatisha nambari hiyo, tuma kwa 20023, nawe utajibiwa kama kibali ni halali na ni cha bidhaa gani. Pakiti isiyo na nambari irudishe kwenye rafu.

Uji wa mtoto, lishe ya mifugo

Utafiti uliofanywa Benin na Togo na kuchapishwa mwaka 2002 uliwapima watoto wadogo na kukuta kwamba waliokuwa na dalili nyingi za sumukuvu damuni ndio waliodumaa na kukonda zaidi, na kwamba kiwango hupanda mtoto akiachishwa ziwa na kuanza kulishwa nafaka. Wanasayansi bado wanabishana ni kwa kiasi gani sumu yenyewe ndiyo inayodumaza. Mimi kama mama sisubiri waelewane.

Kwa hiyo unga wa uji uutengeneze kando. Ule mchanganyiko wa vitu saba unaouzwa kwa kupimwa ni mgumu kuuamini, kwa maana huwezi kuchambua kitu kilichokwisha kusagwa, na karanga zilizomo zinapatwa na sumukuvu kama mahindi, pengine zaidi. Nunua karanga nzima, ondoa zilizokunjamana na zenye madoa, saga kidogo kidogo. Wimbi na mtama navyo havijaepuka kabisa, lakini kumbadilishia mtoto, leo wimbi, kesho viazi vitamu, keshokutwa ndizi, kunapunguza kiasi anachokula kutoka gunia moja.

Wanaofuga kwenye mabanda ya Kayole na Dandora wanajua "maize jam", kile kiini na makapi yanayotoka viwandani. Kumbuka tulichosema kuhusu kukoboa: tunachokiondoa kwenye sahani yetu tunakipeleka kwenye banda. Ng'ombe akila lishe yenye sumukuvu, mwili wake huibadilisha na kuitoa kwenye maziwa, na hilo ndilo lililowaleta wale Wafini. Lishe iliyoota ukungu usiichanganye na nzima ukidhani umeipunguzia makali.

Kama una shamba ushago

Nusu ya mahindi ya Eastlands, kwa makadirio yangu ya kutazama buti za mabasi ya Machakos na Kitui, hayapiti sokoni. Huja na shangazi. Basi mtumie shangazi mambo matatu pamoja na nauli.

La kwanza ni turubai. Mahindi yanayoanikwa juu ya udongo yanalala juu ya kuvu. La pili ni magunia ya PICS, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida. Yalibuniwa na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na watafiti wa Cameroon kwa ajili ya kunde, miaka ya 1980, na leo yanahifadhi mahindi kote kwetu bila dawa, maana wadudu hukosa hewa ndani yake. Ila hayakaushi kitu. Ukitia mahindi mabichi humo umeyazika.

La tatu ni Aflasafe, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Baada ya wale wa Arizona kumtambua kuvu muuaji, walishirikiana na taasisi ya kilimo ya IITA yenye makao Nigeria na shirika letu la utafiti wa kilimo, KALRO, kutafuta katika udongo wa Kenya ndugu zake wasiotengeneza sumu. Wanne wakachaguliwa, wakapakwa juu ya punje za mtama zilizouawa kwa joto zisiote, zikaitwa Aflasafe KE01. Kiwanda chake kiko Katumani, Machakos. Unazirusha shambani kwa mkono, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu wema hushika nafasi kabla ya wabaya. Tanzania ina zake, TZ01 na TZ02, kwa kuwa kila nchi hutumia kuvu wa udongo wake. Hii ndiyo bidhaa pekee ya ushirikiano huu wote ambayo haifai kuvushwa mpaka.

Chama kikitaka kuagiza

Vyama vingi vya akina mama huku hutuma mtu Busia au Namanga baada ya mavuno kwa sababu gunia huko ni nafuu. Ni biashara halali na ina njia yake. Shehena ya thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani inaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, ikiwa imelimwa ndani ya Jumuiya. Cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa KEPHIS, shirika la afya ya mimea, wala masharti ya sumukuvu, basi mjumbe aulize ofisini kabla ya kutoa pesa za wanachama. Dalali wa kando ya barabara atamwambia anachotaka kusikia.

Mjumbe aende na chupa yake, au chama kichange kununua kipima-unyevu kimoja cha mkononi. Achukue sampuli kutoka kila gunia, juu, katikati na chini, azichanganye, ndipo apime. Kiganja kimoja kutoka gunia moja hakisemi lolote, kwa kuwa sumu hukaa kwa mafungu. Mzigo ukiwa mkubwa, pelekeni sampuli iliyochanganywa hivyo kwenye maabara ya KEBS, Popo Road, South C, kabla ya kugawana. Gharama ikigawanywa kwa wanachama wote si ya kutisha. Katika daftari la chama andikeni tarehe, aliyewauzia, na matokeo. Baada ya misimu miwili mtajua ni muuzaji gani hukausha, na swali la nchi aliyotoka litakuwa limesahaulika.

Na ile chumvi ya kipimo usiirudishe jikoni. Imwage, osha chupa, uianike juani bila kifuniko mpaka siku ya soko.